Sumaku Yangu na Kisu cha Shemeji

Kuna wakati mtaani kwetu mimi ndiye nilikuwa bingwa wa visu vya kukunja. Ubingwa wenyewe niliupatia Kariakoo, kwa muuza sufuria aliyenionyesha kwamba sumaku haigandi kwenye stenlesi ya kweli. Basi, elimu ikaishia hapo. Nikang'oa sumaku kwenye spika ya redio mbovu, nikaifunga kwenye funguo, nikawa napita nikipima visu vya watu. Ikiganda, feki. Isipoganda, orijino. Nilivunja mioyo mingi, tena bure.

Changu nilikinunua kwa machinga, elfu nane: chekundu, msalaba mweupe ubavuni. "Uswisi huo, bosi." Sumaku iliteleza juu ya bapa kama mlenda. Bapa lenyewe limeandikwa STAINLES. Nikasema S ya mwisho imefutika tu kwa safari.

Sikukuu ya Idi kubwa, kaka wa mke wangu akaja likizo kutoka Ufaransa na kisu cha kukunja cha huko, Opinel namba 8. Mpini wa mti mtupu, pete ya chuma shingoni, na kwenye bapa kachorwa mkono wenye taji. Akasema vinatengenezwa huko Savoie tangu 1890. Nikatoa funguo. Ta! Sumaku ikaganda kama kupe.

"Shemeji, wamekupiga," nikamwambia mbele ya baba mkwe. "Tena wamekupa na mpini wa mwiko."

Akacheka tu.

Mbuzi alipokwisha kuchinjwa na kutundikwa mwembeni, nikajitolea kuchuna. Nikachomeka Uswisi wangu pajani. Ngozi haikusikia kitu. Nikakandamiza. Bapa likapinda taratibu, mfano wa kijiko cha plastiki kwenye uji wa moto. Nikashika bapa ili nilinyooshe (hapo ndipo akili ilipoaga), kisu kikajifunga chwa! na kidole changu cha shahada kikiwa ndani. Nilipiga ukelele hata mbuzi wa jirani wakaitikia, nao walikuwa na yao ya kulilia.

Nikafungwa kipande cha kanga. Shemeji akafungua mwiko wake, akazungusha pete, bapa likakaza, akaanza kuchuna huku akinisomesha.

"Chuma cha sufuria hakikubali matiko, shemeji. Ukichome, ukizamishe majini, laini vilevile. Kinachokubali matiko, hata kiwe hakishiki kutu, sumaku lazima ikipende. Na hii pete wameiweka tangu 1955, bapa lisiwarudie watu vidoleni."

"Kwa hiyo hiki changu cha Uswisi?"

"Cha Uswisi kweli sumaku ingeganda. Hicho ni sufuria iliyokunjwa."

Baba mkwe alikohoa kikohozi kirefu sana, akageukia ukutani, mabega yanatikisika.

Zahanati nikashonwa nyuzi tatu. Funguo nilikuwa nimezitupa mezani, karibu na trei ya vifaa. Nesi alipomaliza kufunga fundo akanyoosha mkono achukue mkasi wa kukatia uzi. Mkasi ukanyanyuka na sumaku, sumaku na funguo zote, zinaning'inia hewani zikilia kama njuga. Nesi akaniangalia.

"Haya, mwambie," shemeji akasema kutoka mlangoni. "Mwambie mkasi wake feki."