Barakoa Si Mahali pa Kuanzia

Kila panapozungumzwa afya ya wafanyakazi nchini Uganda, vitu vya kwanza kutajwa ni barakoa, glavu na buti. Meneja hupigwa picha akivigawa, wafanyakazi hupiga makofi, na mambo huishia hapo. Kwa maoni yangu, tumeanzia mwisho. Wataalamu wa afya kazini wana mpangilio wao: kwanza iondoe hatari yenyewe, ikishindikana, tafuta mbadala wenye madhara madogo, kisha itenge na watu kwa mitambo, maji au hewa, kisha panga upya kazi na saa zake, na kifaa cha kuvaa hubaki kinga ya mwisho, kwa sababu hakiipunguzi hatari iliyopo, kinamwachia tu mfanyakazi mzigo wa kujilinda.

Tuvitazame vinu vya kusagia mawe ya dhahabu wilayani Busia. Kijana humimina mawe yaliyopondwa ndani ya kinu kinachoendeshwa kwa injini ya dizeli, na kabla gunia halijaisha kope zake zimekuwa nyeupe kama za msaga unga. Puani amejifunga kitambaa. Vumbi hilo linaloonekana lina nafuu, maana chembe kubwa hunaswa puani na kooni, akazitema. Za kuogopwa ni chembe za silika, madini yaliyomo ndani ya mawe mengi, zenye upana wa chini ya mikroni 10 (mikroni moja ni sehemu ya elfu ya milimita), hasa zile zisizofika 4, ilhali unywele wa binadamu una takribani mikroni 70. Hizo hupenya kitambaa, hufika kwenye vifuko vya hewa ndani kabisa ya mapafu na kuacha makovu. Ugonjwa wake, silikosisi, kwa kawaida hujitokeza baada ya miaka 10 au zaidi, hauna tiba ya kuuponya, na humzidishia mtu hatari ya kupata kifua kikuu. Mchimbaji anayekohoa anapofika kliniki, basi, aulizwe kwanza anafanya kazi gani. Swali hilo, nadhani, huulizwa mara chache mno.

Vumbi hudhibitiwa pale linapozaliwa. Mawe yakilowanishwa kabla ya kupondwa, kinu kikifunikwa, na sakafu ikimwagiwa maji badala ya kufagiwa kavu, sehemu kubwa ya vumbi haitafika hewani kabisa. Ufagio mkavu hasa ni adui, kwa kuwa hulirusha upya vumbi lililokwisha kutua, na mara nyingi anayeushika ni mama mwenye mtoto mgongoni. Nguo za kazi nazo zibaki kazini, zisiende kukung'utwa nyumbani. Baada ya hayo yote ndipo tuzungumzie kipumulio chenye kichujio cha kweli, ambacho nacho huvuja kikivaliwa juu ya ndevu.

Zebaki ni mfano mwingine. Mchimbaji huichanganya na mchanga ili ishikamane na dhahabu, kisha huichoma juu ya makaa, na mvuke wake, usio na rangi wala harufu, huingia mapafuni na kuharibu neva na figo. Glavu hazisaidii chochote dhidi ya mvuke huo. Chombo kilichofungwa, chenye bomba la kuupoza na kuurudisha kuwa zebaki, husaidia zaidi, na kuitenga dhahabu kwa uzito wake pamoja na boraksi, chumvi ya madini inayosaidia kuyeyusha dhahabu, bila zebaki kabisa ni bora kuliko yote. Uganda iliridhia Mkataba wa Minamata, mkataba wa kimataifa wa kupunguza matumizi ya zebaki, mwaka 2019, kwa hiyo hoja hii si ngeni serikalini.

Kelele nitaigusa tu. Katika karakana za vyuma za Katwe, Kampala, ukilazimika kupaza sauti ili usikiwe na aliye umbali wa mkono mmoja, yamkini mmeshapita desibeli 85 (desibeli ni kipimo cha ukali wa sauti), kiwango ambacho inapendekezwa mtu asikae nacho zaidi ya saa 8 kwa siku.

Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya mwaka 2006 imemwekea mwajiri wajibu wa kulinda afya ya watu wake. Ugumu ni kwamba mwenye kinu atakwambia hana mwajiriwa hata mmoja, ana wateja tu wanaoleta magunia yao. Sikubaliani naye. Injini ni yake, kibanda ni chake, na kila gunia analitoza ada. Pipa la maji, mpira wa kumwagia na kifuniko cha bati vinapaswa kutoka katika ada hiyo.