Kirusi kilipita Lamu, chanjo ikatoka ng'ambo

Mwaka 2004 Lamu iliumwa viungo. Vipimo vya damu vilivyofanywa baadaye vilionyesha kwamba kama robo tatu ya wakazi wa kisiwa walipata chikungunya, homa ya kirusi kinachoenezwa na mbu. Wanasayansi waliuhusisha mlipuko ule na ukame: maji yalikuwa ya shida, watu wakayalimbikiza ndani, mbu wakapata pa kuzalia. (Birika la nyumba ya kale, yaani hodhi la maji, lina vijisamaki vya kula viluwiluwi. Pipa la plastiki halina.)

Kirusi kikavuka hadi Komoro, kisha Réunion, kisiwa cha Ufaransa katika Bahari ya Hindi, ambako theluthi ya watu waliugua mwaka 2005 na 2006. Kirusi cha mgonjwa mmoja wa mlipuko huo wa Réunion, wa ukoo ule ule uliopita kwetu, ndicho kilichodhoofishwa maabara kikawa chanjo ya Ixchiq, iliyoidhinishwa Marekani Novemba 2023, kwanza kwa ajili ya wasafiri.

Ukisema Mkunguni, uwanja wa mji wa Lamu, kwamba Pwani inahitaji maabara ya kufuga virusi vya namna hii, utaulizwa: vikitoroka je? Swali hilo halina ujinga wowote. Mwaka 1978 ndui ilimuua mpiga picha Birmingham, aliyefanya kazi ghorofa ya juu ya maabara. Mwaka 1967, huko Marburg na kwingineko Ulaya, watu 31 waliambukizwa kirusi kilichotoka kwa tumbili wa Uganda waliotumika katika kazi ya chanjo, saba wakafa. Maabara zote hizo zilikuwa na vifaa na wataalamu.

Hata hivyo mimi niko upande wa maabara. Njia mojawapo kuu ya kujua kama chanjo inakinga ni kuchukua damu ya aliyechanjwa, kuichanganya na kirusi hai, na kutazama kama kirusi kinazuiwa. Asiyekuwa na kirusi huchukua neno la muuzaji. Na neno la muuzaji limewahi kuponza watu: mwaka 1955 kampuni ya Cutter, Marekani, ilitoa chanjo ya polio ambayo kirusi chake hakikuuawa sawasawa, watoto wakapooza.

Ninachokikataa ni maabara kujikagua yenyewe, na damu ya watu wa Lamu kusafirishwa bila majibu kurudi. Kilifi kuna watafiti wa magonjwa tangu 1989, kwa hiyo ujuzi si haba.

Tena kupima maabarani hakutoshi. Mwaka 2025 Réunion iliugua tena, Ixchiq ikatumika, na baadhi ya wazee wakapata madhara makubwa. Ufaransa ilisitisha kuwachanja waliofika miaka 65, na Agosti Marekani ikasimamisha leseni. Madhara hayo yalionekana kwa sababu muuguzi aliandika na mtu akasoma. Chanjo hiyo ikija huku, muuguzi wa Kizingitini, kisiwani Pate, akiona mzee amezidiwa, ripoti yake ifike Nairobi siku hiyo hiyo, kabla dozi za bechi ile hazijashushwa Faza, kisiwa hicho hicho.