Ndafu Alitoka Vizuri Kuliko Bibi Harusi

Aliyenifundisha kupiga picha aliniambia neno moja kuhusu ISO, ile namba ya wepesi wa kamera kwa mwanga, nikalishika kama amri: ISO ndogo, picha safi, ISO kubwa, chengachenga. Basi Ijumaa ya sendofu nikachokonoa menyu ya kamera yangu, Canon 6D, nikaruhusu ISO ishuke chini ya kawaida, nikakuta huko chini ya 100 kumejificha herufi L, yaani 50. Nikajiambia: kama 100 ni safi, 50 si imefuliwa na kupigwa pasi?

Ukumbi ulikuwa na zile taa za zambarau ambazo kamati hulipia pesa nyingi ili mtu asionekane. Flashi nimeiacha nyumbani, eti nisiharibu mapambo. Kamera iko kwenye Av, yaani mimi nachagua apecha, tundu la lenzi linalopitisha mwanga, nikaiweka f/4, upana wa mwisho wa lenzi yangu, na kamera ichague yenyewe shata, yaani muda wa kuingiza mwanga. Ikachagua nusu sekunde. Niliisikia kabisa: ka... cha. Kati ya "ka" na "cha" shangazi wa bibi harusi alikuwa keshageuka na kurudi. Kwenye kioo cha nyuma kila picha ilionekana tamu, maana sikuikuza hata moja.

Jumapili nikafungua kompyuta. Wageni walicheza, na picha nazo zilicheza. MC alikuwa moshi uliovaa tai. Vilivyotoka vimenyooka ni vitatu tu: keki, ndafu na majani yake mdomoni, na babu mmoja aliyesinzia tangu sala ya ufunguzi. Lenzi yangu ina kituliza mtikiso, lakini kile hutuliza mkono wa mpiga picha. Shangazi hakimhusu.

Na hesabu yenyewe ni ya darasa la tatu. Mwanga ukiwa uleule, kila ukizidisha ISO mara mbili, shata inapungua nusu. Toka 50 hadi 100, 200, 400, 800, 1600, 3200 ni hatua sita. Nusu sekunde inakuwa 1/125. Hiyo inamtosha mtu anayecheza kwa adabu. Kwa shangazi ningepanda hadi 6400 nipate 1/250. Chenga zingekuwepo, sikatai, lakini juu ya mtu mwenye mikono miwili. Isitoshe, chenga nyingi huletwa na sensa, kile kipande kinachopokea mwanga ndani ya kamera, kukosa mwanga, si na namba. ISO 100 ni tamu pale mwanga upo, au pale unayempiga ni ndafu.

Mngedhani yameishia hapo. Jumamosi, siku ya harusi yenyewe, kabla sijaifungua hiyo kompyuta, jua la saa saba, bado niko kwenye L. Kumbe L si ISO ya kweli. Sensa inabaki na wepesi wake wa 100, kamera inaimiminia mwanga mara mbili, halafu inaitia picha giza kwa hesabu. Nyeupe iliyoungua wakati wa kumimina haifufuki; ni maziwa yamefurika, ukipunguza moto yaliyomwagika yameshamwagika. Kwa 100 ningekuwa na hatua nzima ya nafasi kabla gauni halijaungua. Ile lesi iliyoshonwa miezi miwili ikawa shuka. Tena nilipiga JPEG, si RAW, lile faili ghafi linalobaki na kila kilichonaswa na sensa, hata pa kukwangulia hakuna.

Jumatatu shangazi akaja na albamu tupu kwapani. Akatazama picha ya kwanza, akavaa miwani, akatazama tena.

"Mwanangu, huyu mwenye mikono sita ni nani?"

"Ni wewe, Shangazi."

Akanyamaza. Akafunua nyingine, na nyingine, mpaka akamfikia babu, kila unywele wa ndevu unahesabika, mate yanang'aa pembeni mwa mdomo.

"Huyu naye ulimfanyaje?"

"Alilala, Shangazi."

Babu ndiye pekee aliyelipia. Kaagiza mbili, kubwa, na fremu.