Karatasi Inayopitisha Umeme: Tuulize Imetiwa Nini

Selulosi, yaani nyuzi za mimea zinazounda karatasi, haipitishi umeme. Ndiyo maana nyaya za ndani ya transfoma huzungushiwa karatasi ili zisigusane. Kwa hiyo ukisikia karatasi imegeuzwa kifaa cha elektroniki kinachokunjika, uliza kwanza imetiwa nini.

Kazi ninayoiheshimu zaidi ni ya Chuo Kikuu cha Linköping, Uswidi. Mwaka 2015 watafiti wake walitangaza karatasi inayohifadhi umeme. Walipasua nyuzi za selulosi kwa maji ya shinikizo kubwa hadi zikabaki na unene wa nanomita 20 hivi (nanomita ni sehemu moja ya bilioni ya mita). Zikiwa bado majini wakaongeza polima ya PEDOT:PSS, aina ya plastiki inayopitisha umeme, nayo ikauvika kila uzi utando mwembamba unaopitisha umeme. Nyuzi zikashikana ovyo ovyo, na kwenye nafasi za katikati kikakaa kimiminika cha elektroliti, yaani kinachopitisha chaji za umeme. Kipande cha duara chenye kipenyo cha sentimita 15, chembamba kuliko milimita moja, kilikuwa na uwezo wa faradi 1 (faradi ni kipimo cha uwezo wa kuhifadhi chaji ya umeme). Polima hiyo peke yake ikikauka huwa rahisi kuvunjika. Selulosi ndiyo iliyoipa uwezo wa kukunjwa.

Ninachokipinga ni kumwaga chembe za madini ya fedha kwenye karatasi, kisha kuiita rafiki wa mazingira kwa kuwa karatasi huoza. Chembe hizo huua bakteria, na bakteria ni miongoni mwa viumbe wanaoiozesha! Umeme utapita vizuri, sikatai, lakini sifa ya kuoza huenda imeshapunguzwa kiwandani.

Kaboni naiona afadhali. Nanotyubu, yaani mirija midogo mno ya kaboni, chache tu zinatosha mradi zigusane kutoka upande hadi upande, na selulosi yenyewe husaidia kuzitawanya majini. Tatizo ni unyevu: selulosi huunyonya, huvimba, na pale nanotyubu zilipogusana huachana. Sisi wa pwani tunajua hewa ya masika ilivyo, hivyo kipimo cha maabara kavu hakinitoshi.

Hata PEDOT asili yake ni mafuta ya petroli, na hilo lisemwe wazi.

Mwaka 2022 dunia ilizalisha tani milioni 62 za taka za elektroniki, na chini ya robo ndiyo iliyothibitika kukusanywa na kurejelezwa ipasavyo. Kwa hiyo kila anayetangaza karatasi ya aina hii aonyeshe mambo mawili pamoja: inapitisha umeme kiasi gani, na baada ya kufukiwa udongoni miezi kadhaa kimebaki nini.