Sauti mbili, sruti moja: tunawaonea ndugu wanaoimba pamoja

Wapenzi wa muziki wa Karnatiki, ule wa India Kusini, wana ubishi usiokwisha: ndugu wanaoimba wawili wawili hupendeza jukwaani, lakini usanii mzito ni wa mtu mmoja. Wanaosema hivyo wana sababu. Muziki huu hupimwa kwa ubunifu wa papo kwa papo. Mwimbaji anapoanza alapana, yaani kuifungua raga (mpangilio wa noti ambao wimbo hujengwa juu yake) taratibu bila mashairi wala mapigo ya ngoma, anahitaji muda wa kuijenga kutoka chini hadi kileleni. Wakiwa wawili, mmoja hufika katikati akamwachia mwenzake, na mara nyingine tunabaki na nusu mbili za majengo mawili. Jozi nyingine huliepuka hilo kwa kugawana raga, kila mmoja akaifungua yake hadi mwisho.

Hata heshima hugawanyika vibaya. Dada wawili Brinda na Muktha, wajukuu wa mwanamuziki mashuhuri Veena Dhanammal, waliimba pamoja kama chanda na pete, lakini tuzo ya Sangita Kalanidhi ya mwaka 1976, inayotolewa na Music Academy ya Chennai, ilikwenda kwa Brinda peke yake. Saroja na Lalitha, yaani Bombay Sisters, waliipata pamoja, lakini hiyo ilikuwa 2010.

Hayo nayakubali. Nisichokubali ni dhana kwamba kazi yao ni nyepesi kwa sababu wamezaliwa na sauti zinazofanana.

Muziki huu hauna sauti ya kwanza na ya pili kama kwaya. Wote wawili huimba kitu kilekile juu ya mvumo mmoja wa tambura, ala ya nyuzi. Anayeimba peke yake huchagua sruti, sauti ya msingi, inayolifaa koo lake. Wawili hulazimika kukubaliana juu ya moja, na mara nyingi yupo anayejinyima: ama noti za juu zinamkaba, ama za chini zinamfifia. Ndiyo maana jozi nyingi ni za dada wawili au kaka wawili, kwa kuwa sruti ya kike na ya kiume hukaa mbalimbali. Kisha kuna gamaka, mitikisiko inayoipa noti uhai. Kuitikisa noti ipasavyo ni kazi ya miaka. Kuitikisa pamoja na mwenzako, kwa upana uleule na kasi ileile, ni kazi nyingine kabisa. Mmoja akichelewa hata kidogo, tunaanza kusikia watu wawili wanaofukuzana.

Je, damu ndiyo inayowapa uwezo huo? Watazameni Alathur Brothers, jozi ya waimbaji waliosifika mno kwa umahiri wa tala, yaani mizunguko ya mapigo. Hawakuwa ndugu. Srinivasa Iyer alikuwa mwanafunzi wa Venkatesa Iyer, baba mzazi wa Sivasubramania Iyer. Kilichowaunganisha ni mwalimu mmoja na mazoezi ya pamoja, hadi umma ukawaita ndugu. Radha na Jayalakshmi, jozi nyingine ya waimbaji, nao walikuwa binamu. Nikiwafikiria hao, naona wanaowasifu dada wawili kwa "kipaji cha ukoo" wanawapokonya jasho lao.

Na ule ubunifu unaodaiwa kupotea? Sikilizeni swara, yaani noti, za kubuni kuelekea mwisho wa kriti, wimbo uliotungwa. Zamu huanza ndefu, zikapungua hadi mizunguko michache ya tala, hadi mmoja, hadi nusu. Wa pili hajui wa kwanza ataishia wapi, lakini lazima adake wazo lake, alipindue, kisha aangukie pale pale ubeti unapoanzia, ngoma ya mridangamu ikimsubiri. Anayeimba peke yake huyapanga haya kichwani mwake. Hawa huyapanga katika vichwa viwili visivyopata nafasi ya kunong'onezana, na wakiangukia pamoja, ukumbi mzima huitikia kabla ya mstari kwisha.