Usimlaumu anayekudai msimbo wa tawi

Wiki mbili zilizopita nilikuwa kwenye foleni ya benki moja hapa Dodoma mjini, hatua chache kutoka Nyerere Square. Mbele yangu kulikuwa na mzee anayetuma fedha Chennai, ambako mkewe amelazwa. Fomu alikuwa ameijaza kwa herufi kubwa, moja moja, kama mtu anayeandika barua ya mirathi. Dada wa dirishani akamrudishia.

"Baba, hapa hujaweka msimbo wa tawi."

"Mwanangu, jina la hospitali hilo hapo. Namba ya akaunti hiyo hapo. Tawi la nini tena?"

Watu wa nyuma wakamuunga mkono mzee. Kijana mmoja akasema huo ndio urasimu wenyewe, mbona kwenye simu unaweka namba tu na hela inafika. Hoja yake ina uzito na nitairudia. Lakini siku ile aliyekuwa sahihi ni yule dada, ila na foleni ile hakuwa na nafasi ya kueleza kwa nini.

Fedha inayotoka Tanzania kwenda India husafiri kwa ujumbe wa SWIFT, mtandao ambao benki za dunia hutumiana maagizo ya malipo, na kila benki ina utambulisho wake humo. NMB ni NMIBTZTZ. CRDB ni CORUTZTZ, herufi ambazo bado zinakumbusha jina lake la zamani la Benki ya Ushirika na Maendeleo Vijijini. Utambulisho huo unaifikisha hela kwenye benki ya ng'ambo. Ikishaingia India, mara nyingi inabebwa na mifumo ya ndani ya kule: RTGS, iliyoanza mwaka 2004, mwaka uleule Benki Kuu yetu ilipoanzisha TISS, mfumo wetu wa kuhamisha fedha kati ya benki, au NEFT, iliyofuata mwaka 2005. Mifumo hiyo inatumia msimbo wa tawi unaoitwa IFSC, wenye alama 11: herufi nne za benki, kisha sifuri, kisha alama sita za tawi. Ukiona SBIN mwanzoni, ujue ni State Bank of India.

Sasa nije kwenye jambo ambalo wateja wengi hawalijui, nami sikulijua mpaka liliponigusa. Oktoba 2010 Benki Kuu ya India ilizielekeza benki za kule kwamba fedha inayoingia kielektroniki inaweza kuwekwa kwa kufuata namba ya akaunti peke yake. Jina linaandikwa, linasafiri pamoja na fedha, lakini si lazima mtu au mashine ilisome ili kuamua hela iingie wapi. Uingereza nako mambo yalikuwa hivyo kwa miaka mingi. Kilichoamua ni msimbo wa tawi wa tarakimu sita pamoja na namba ya akaunti, na ni mwaka 2020 tu ndipo benki zao kubwa zilipoanza kulinganisha jina kabla mteja hajabonyeza kutuma.

Naomba msomaji akae na jambo hilo kidogo. Yule mzee alitumia nguvu zake zote kwenye jina. Alihakikisha jina la hospitali halina kosa hata moja. Jina hilo ndilo sehemu ya fomu yenye uwezekano mkubwa wa kutosomwa na yeyote. Sehemu mbili zinazosomwa ni ile namba ndefu ya akaunti, aliyoinakili mara moja kutoka WhatsApp bila kuirudia, na ule msimbo aliotaka kuuacha wazi. Sote tunafanya hivyo. Tunaamini jina kwa sababu ndivyo tunavyotambuana sisi kwa sisi. Ukimtuma mtoto dukani unamwambia "mpe Mama Asha", humwambii namba ya mlango. Mashine haimjui Mama Asha.

Na namba ya akaunti nayo, tukiiacha peke yake, inaweza isitoshe. Uingereza namba ya akaunti ina tarakimu nane tu, na namba moja inaweza kuwa ya watu wawili walio na misimbo tofauti ya tawi. Ni sawa na kumwambia dereva "nipeleke Majengo" bila kusema mji. Majengo ipo hapa Dodoma, ipo Moshi, ipo Singida. Msimbo wa tawi ndio unaotaja mji.

Mimi mwenyewe nilijifunza kwa gharama. Mpwa wangu anasoma Pune, na mwaka juzi nilimtumia ada. Alinitumia msimbo kwa picha ya karatasi aliyoandika kwa mkono. Alama ya tano ilikuwa duara. Nikaisoma kuwa herufi O, aliyeingiza muamala naye akaisoma hivyohivyo, na hela ikaondoka na O badala ya sifuri. Ilirudi siku ya tisa, imekatwa makato ya kwenda na ya kurudi, na siku hizo zote tisa mtoto alikuwa anazungushwa na ofisi ya uhasibu ya chuo chake. Nililaumu benki, nikalaumu msimbo. Baadaye ndipo nilipotambua kwamba msimbo ulikuwa umeniokoa. Hakuna tawi lenye O mahali pale, kwa hiyo hela ilikosa pa kutua, ikageuka. Kosa kama hilo ningelifanya kwenye namba ya akaunti, huenda ingetua kwa mtu nisiyemjua, na hadithi ingekuwa nyingine kabisa.

Upande wa pili una haki yake. Msimbo wa tawi ulizaliwa wakati akaunti ilikuwa kitabu kinachokaa kwenye kabati la tawi fulani. Siku hizi akaunti zote za benki ziko kwenye mfumo mmoja, na tawi limebaki kuwa lebo. Hapa Dodoma tunaliona hilo kuliko mji wowote nchini. Tangu serikali ilipotangaza mwaka 2016 kwamba inahamia huku, watumishi wamekuja na familia zao na vitanda vyao, lakini akaunti za wengi bado zinasoma matawi ya Dar es Salaam. Jirani yangu wa Area D hajakanyaga tawi lake kwa miaka sita. Kwake hilo tawi halina maana yoyote.

Halafu matawi hufa na benki huungana. Aprili 2017 State Bank of India ilizimeza benki tanzu zake, na misimbo ya matawi mengi ikabidi ibadilike. Mwaka 2019 Vijaya Bank na Dena Bank ziliingizwa Bank of Baroda, na kufikia Machi 2021 misimbo ya zamani ya benki hizo mbili ikafutwa. Mtu wa Kondoa aliyekuwa ameuhifadhi msimbo kwenye daftari hakupata taarifa kutoka kwa yeyote. Afrika Kusini walikata mzizi huo mapema: benki zao kubwa zina msimbo mmoja kwa nchi nzima. FNB ni 250655, Absa ni 632005, uwe Soweto au Polokwane. Ukiniuliza mfumo upi ni mwepesi kwa mteja, nitakujibu huo bila kusita.

Kuna hoja nzito zaidi ambayo watetezi wa msimbo huikwepa. IFSC haina tarakimu ya kujihakiki. IBAN, namba ya akaunti ya kimataifa inayotumika Ulaya, inayo: ukikosea tarakimu moja, hesabu inakataa papo hapo kabla fedha haijatoka. India haitumii IBAN, nasi hatuitumii. Maana yake ni kwamba sifuri yangu iliyokosewa ilikuwa bahati ya mahali ilipoangukia. Ningekosea zile alama sita za mwisho ningeweza kuangukia tawi jingine halali, na msimbo usingepiga kelele.

Na yule kijana wa foleni? Anachokipenda kwenye simu ni kwamba anaweka namba, jina linatokea, analisoma, ndipo anabonyeza. Yuko sahihi kukipenda. TIPS, mfumo wa Benki Kuu wa malipo ya papo hapo, imefanya hivyo hata kati ya benki na mitandao ya simu. Lakini hapo msimbo haujafutwa, umefichwa tu. Lazima mfumo ujue namba hiyo iko kwa nani kabla ya kwenda kuuliza jina. Zamani 0754 ilikwambia yenyewe kuwa ni Vodacom. Tangu mwaka 2017, mtu anapoweza kuhama mtandao na namba yake, kuna mahali pengine panapohifadhi jibu hilo. India nao wana UPI, mfumo wao wa malipo kwa simu, tangu mwaka 2016, unatuma kwa jina fupi au kwa simu, na nyuma ya pazia kuna akaunti na IFSC yake ileile. Tofauti iko kwa anayeubeba mzigo. Kwenye simu unabebwa na mfumo, kwenye fomu ya kutuma nje unabebwa na mzee wa miaka sabini mwenye mgonjwa Chennai.

Ndiyo maana kwa miamala ya hapa ndani sioni sababu ya kumuuliza mteja tawi. Kwa fedha inayovuka mpaka, ambako hakuna jina linalotokea kwenye kioo kabla hujatia saini, ningeudai msimbo kwa ukali uleule wa yule dada. India wenyewe wameanza kulegeza fundo: benki zao zilitakiwa kufikia Aprili 2025 ziwe zinamwonyesha mtumaji jina la mwenye akaunti kwenye NEFT na RTGS. Hiyo ni kwa mtumaji aliye India. Sisi tunaotuma kutoka huku bado tunategemea kalamu.

Yule mzee alimpigia binti yake simu palepale dirishani, akasomewa msimbo alama kwa alama, huku dada akiandika na kurudia kwa sauti. Walipofika ya tano, dada akauliza, "Ni sifuri, siyo O?" Ni swali zuri, ila halikupaswa kuhitajika. Alama hiyo ni sifuri kwa kila tawi la kila benki ya India. Benki zetu zinazochapa fomu za kutuma fedha huko zingeweza kuweka visanduku 11, na cha tano kikatoka kiwandani kikiwa na sifuri yake tayari.