Kwenu hasa ni wapi?

Binti yangu ana miaka minane. Amezaliwa Berlin, na Kiswahili chake kina lafudhi inayomchekesha bibi yake kila tukipiga simu Tanga. Mwezi uliopita, ndani ya tramu, mama mmoja alimwuliza anatoka wapi. Akajibu: Wedding, yaani mtaa wetu hapa Berlin. "Sawa, lakini kwenu hasa ni wapi?" Mtoto akanigeukia mimi, akingoja jibu.

Nilimweleza yule mama kwa upole kwamba swali lile linamuumiza mtoto, na limeulizwa kwa sababu ya rangi yake. Akashtuka. "Sisi hapa hatutazami rangi." Nimeishi Ujerumani miaka kumi na moja, na maneno hayo nimeyasikia kazini, shuleni, hata kwa marafiki ninaowapenda. Neno lenyewe la Kijerumani, Rasse, yaani mbari, linawawia zito mdomoni kwa sababu ya Wanazi, na hilo nalielewa. Limo katika ibara ya 3 ya katiba yao, inayokataza ubaguzi, na mwaka 2020 ulizuka mjadala mkubwa wa kuliondoa. Sensa yao haiulizi rangi. Ila polisi anayeingia kwenye behewa lililojaa watu na kudai pasipoti yangu peke yangu, rangi ameiona. Nikilisema hilo, mazungumzo yanageuka, naanza kumfariji aliyeudhika kwa kuambiwa.

Hata hivyo wapo wanaosema, na kusema kwao kunaleta kitu. Jirani na kwangu kulikuwa na barabara iliyopewa jina la Carl Peters mwaka 1939, yule mkoloni wa Kijerumani ambaye babu zetu walimwita Mkono wa Damu. Watu weusi wa hapa na wenzao walilalamika miaka mingi. Agosti 2024 kipande chake kimoja kikaitwa Maji-Maji-Allee. Napita pale na mwanangu, naye anajua ni vita gani na waliokufa walikuwa akina nani.

Nyumbani je? Sisi tumeliweka neno ubaguzi kwa makaburu na Wamarekani, kana kwamba kwetu halijawahi kupiga hodi.

Nimekulia Ngamiani, mjini Tanga. Darasani tulikuwa na mwenzetu ambaye babu yake alizaliwa Pangani. Alikuwa na jina, ila tulimwita Mhindi. Siku moja darasa la sita aliniudhi kwa jambo dogo la kalamu, nikamwambia mbele ya wote: "Rudi kwenu Bombay." Akasema kwao ni hapa. Tukacheka, na sauti yangu ndiyo iliyokuwa kubwa kuliko zote. Najua pia yaliyokuwa upande wa pili: mzee mwenye wajukuu akiitwa boi kwenye nyumba anayopika, na muuza duka asiyeruhusiwa kugusa droo ya pesa hata baada ya miaka ishirini. Yote haya tuliyajua, tukayanong'ona kila mtu na watu wake.

Oktoba 1961, katika mjadala wa sheria ya uraia, Nyerere aliwapinga vikali wabunge waliotaka uraia uende kwa rangi. Aliyasema bungeni, mchana kweupe. Baada ya sensa ya 1967 hatuulizwi tena makabila yetu, na naamini ulikuwa uamuzi wa busara. Lakini kutohesabiana tumekufanya kuwa kutozungumza, na nikimsikia Mjerumani akisema hatazami rangi, nasikia sauti ya kwetu: "Tanzania hakuna ubaguzi."

Baada ya ile siku ya tramu nilimtafuta yule mwenzangu. Siku hizi anaishi Uingereza. Nilimtumia ujumbe wa sauti, nikamwita kwa jina lake kamili na kumwomba radhi. Alikaa siku mbili bila kujibu. Kisha akaandika kwamba anakumbuka vizuri, ila mimi nilikuwa mtoto, na kinachomrudia zaidi ni mwalimu. Alisikia, akageukia ubao, akaendelea kuandika.